Makato ya NSSF kupanda, sawa, lakini nani anakatwa?

Dada, umeuliza kama kupandisha makato ya NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni hapa Kenya, ndiko kutatuokoa uzeeni. Kwa mwenye payslip, kunasaidia. Kabla ya Februari 2023 tulikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaweka 200, hela ya sukari tu. Sasa ni asilimia 6 ya mshahara hadi kikomo kilichowekwa, na mwajiri anatoa kiasi hichohicho.

Ila asilimia 6 ya nini, kama huna mshahara? Zaidi ya wafanyakazi wanane kati ya kumi hapa Kenya wako jua kali, yaani kazi zisizo rasmi.

Mimi ningeanzia kwa vibarua. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akipiga kazi mfululizo mwezi mzima, ahesabiwe kama mwajiriwa wa mkataba. Sasa muulize yeyote aliyewahi kupanga foleni alfajiri kwenye lango la kiwanda kule Industrial Area: wiki ya nne unaambiwa upumzike, ya tano unaitwa upya kama mgeni! Kifungu hicho kikisimamiwa, wachangiaji wataongezeka bila asilimia kuguswa.

Haba Haba, mpango wa NSSF wa akiba ya hiari kwa watu wa jua kali, ya shilingi 25 kwa siku si mbaya, ila kibarua kikikosekana siku tatu, hiyo 25 ni ya unga. Nayo Inua Jamii, pesa ya serikali kwa wazee, 2,000 kwa mwezi, inakusubiri ufike miaka 70. Mgongo wa mtu wa mjengo hausubiri hivyo.