Kadi ya basi Goma: nimelipa kwa kadi Kigali, na nashika daftari la Hiace hapa nyumbani

Ndugu wa mtaa wa Himbi, hapa Goma, ameuliza kama kadi ya kulipia basi, ile tunayoiona Kigali, inaweza kufanya kazi Goma, na kama itatuondolea ugomvi wa kila asubuhi na convoyeur (konda, wanavyosema wenzetu wa Tanzania). Wengi mmemjibu kwa neno moja: haiwezekani. Sikubaliani nanyi. Lakini pia sikubaliani na wale wanaosema ni kununua mashine tu na kuzifunga garini. Jambo hili nimeliona pande zote mbili. Nilisoma Kigali miaka mitatu nikipanda basi kwa kadi kila siku, na tangu nirudi nashika hesabu za baba mdogo mwenye Hiace mbili zinazofanya njia ya Ndosho kwenda mjini. Nitaandika kwa urefu, mnivumilie.

Nilifika Kigali 2017. Kadi ya Tap&Go ilikuwa imeanza 2015, na tayari hakuna aliyeishangaa. Unainunua kwa wakala pale kituoni, unampa pesa anaiingiza humo, imekwisha. Basi likija unapanda kwa mlango wa mbele, unasogeza kadi kwenye mashine karibu na dereva, inalia, na kioo kinakuonyesha kilichokatwa na kilichobaki. Ukikuta kadi imekauka, unamwomba abiria mwenzako akulipie kwa yake, nawe unampa faranga mkononi. Wanyarwanda wana neno lao la kugusisha kadi, gukozaho, na Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi, utalisikia asubuhi mpaka usiku. Kwa hiyo msidhani pesa ya mkononi ilipotea Kigali. Ilitoka tu mkononi mwa convoyeur ikaenda kwa wakala na kwa jirani yako wa kiti.

Nilichokipenda kuliko vyote ni utulivu. Wiki ya kwanza nilikuwa nasubiri kelele ya "rudisha pesa yangu", haikuja. Nyie mnajua ya kwetu. Nauli faranga 500 za Kongo, umetoa noti ya 1000, mama wa pembeni naye ametoa 1000, na convoyeur hana 500 hata moja. Basi anawaozesha: anakupa wewe noti moja ya 1000, anasema "mtagawana na yule mama". Mnashuka Signers, mama ana haraka ya soko, nawe una haraka ya kazi, mnazunguka wawili mkitafuta muuza mayunite (vocha za simu) awavunjie noti. Siku moja nilichelewa mtihani kwa sababu ya noti ya namna hiyo, na yule mama alikuwa ananiomba msamaha kana kwamba kosa ni lake.

Halafu ikaja Januari 2025, benki za hapa zikafunga milango. Noti zilizobaki mjini zikawa zinazunguka mikono ile ile. Nilipokea kwenye hesabu ya jioni noti ya 500 iliyoshikizwa kwa plasta ya jeraha, ile ya rangi ya ngozi. Dereva aliipokea kwa sababu angeikataa angekosa abiria, mimi nikaipokea kwa sababu ningeikataa ningemwonea dereva, na kesho yake muuza makala (makaa) akaikataa. Mtu aliyepitia hayo hawezi kuambiwa kwamba pesa ya karatasi ndiyo ya uhakika na kadi ndiyo mchezo.

Kuna aliyeandika kwamba kadi haiwezi hapa kwa sababu umeme unakatika na mtandao unakwenda na kurudi. Hapo naomba nimsahihishe kwa upole. Kadi yenyewe haina betri. Washa tochi ya simu nyuma ya kadi nyeupe ya aina hiyo, utaona nyaya nyembamba zinazozunguka ukingoni kama uzi ulioviringishwa, zikiishia kwenye kipande kidogo cheusi. Mashine inatoa mawimbi, nyaya hizo zinayapokea, na hayo yanatosha kukiamsha kile kipande kwa sekunde moja. Ndiyo maana lazima uisogeze karibu, na ndiyo maana ukiikalia mfukoni nyuma mpaka ikapinda inakufa, uzi umekatika. Mashine inakula umeme wa gari. Na mtandao? Inategemea pesa imeandikwa wapi. Kama imeandikwa kwenye kompyuta ya mbali, mashine inahitaji kuuliza. Kama imeandikwa ndani ya kadi yenyewe, mashine inasoma, inapunguza, inaandika upya, na jioni gari likirudi penye mtandao inatuma hesabu ya siku nzima. Aina hii ya pili ingeweza kufanya kazi hata Sake, nje ya mji. Hatari yake ni kughushiwa: chipu ya MIFARE Classic, iliyotoka 1994 na kuenea duniani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, waliivunja siri yake 2008. Atakayetuletea kadi asituletee chipu ya kizamani kwa sababu ni ya bei ndogo.

Kwa hiyo mimi simlaumu mtandao. Kinachozuia kadi Goma ni versement, yaani hesabu ya mwenye gari, na hili nalijua kwa daftari.

Baba mdogo anataka dola 30 kwa siku kwa kila Hiace. Dereva anatoka saa kumi na moja alfajiri bila mshahara wowote. Kwa pesa za abiria wa kwanza anaweka mafuta. Za wanaofuata zinalipa wanaomsimamisha barabarani, na kila mmoja hapa anajua ninasema nini. Mchana anakula yeye na convoyeur. Zikifika dola 30 anaziweka kando, na chochote kinachozidi ndicho cha kwake na cha kijana wake. Siku ya mvua, siku ya ville morte (mji mzima umegoma), hakuna kinachozidi. Pesa ile inaingia na kutoka mara ishirini kabla jua halijazama. Sasa chukua kadi: abiria analipa saa moja asubuhi, pesa inakwenda kwenye akaunti fulani, na dereva amekaa nyuma ya usukani hana hata mia.

Hilo silisemi kwa kukisia. Mwaka 2023 nilimshawishi baba mdogo tujaribu, si kwa kadi, kwa simu, maana M-Pesa iko Kongo tangu 2012 na nusu ya abiria wetu wanayo. Niliandika namba yake kwenye karatasi, nikaifunika nailoni, nikaigandisha nyuma ya kiti cha mbele. Siku mbili za kwanza nilifurahi, abiria kumi, kumi na watano walilipa kwa simu. Siku ya tatu dereva akanipigia kutoka Katindo, mafuta yameisha, amesimama mbele ya kadhafi, muuza mafuta wa barabarani, na chupa zake, na kadhafi anataka pesa mkononi. Pesa ya gari ilikuwa kwenye simu ya baba mdogo, baba mdogo alikuwa kwenye matanga, simu imezimwa. Gari lilikaa pale kwa muda wa saa mbili, saa za abiria wengi.

Wiki ya pili malipo ya simu yakashuka hadi mtu mmoja au wawili. Nikapanda mwenyewe kuangalia. Convoyeur alikuwa amesimama ameegemea kile kiti, mgongo wake umefunika namba yote. Nilikasirika, nikamwita kando tulipofika mjini. Akaniambia bila kugomba: "Dada, mimi nakula kile kinachobaki mkononi jioni. Kikipita kwa simu ya mzee, mimi ninarudi nyumbani na nini?" Sikuwa na jibu. Nikaibandua karatasi mwenyewe baada ya wiki tatu.

Tukajaribu tena kwa njia nyingine, gari moja tukampa dereva mshahara wa mwezi. Aliendesha kwa heshima, hakugombania abiria, hakukata njia katikati ili kuwatoza watu mara mbili (Kinshasa wanaita demi-terrain). Lakini saa kumi na moja jioni, saa ambayo watu wamejaa barabarani wanatafuta gari la kurudi Ndosho, yeye alikuwa ameshapaki. Kwa nini ajichoshe? Baada ya miezi miwili baba mdogo akarudisha versement. Mtu mmoja mwenye gari mbili hawezi kuweka ratiba, msimamizi wa kituo, na dereva wa zamu ya pili. Kampuni inaweza.

Na hapo ndipo ninyi mnaosema "mbona Kigali wameweza" mnaruka hatua. Kadi ilikuja 2015, lakini 2013 mji ule ulikuwa umeshagawanywa kanda, na kila kanda ikapewa kampuni au ushirika kwa mkataba: KBS, Royal Express, RFTC. Njia zilijulikana, nauli ilijulikana, na kulikuwa na mtu wa kupokea pesa ya kadi na kumlipa dereva. Hata Hong Kong, ambako kadi ya Octopus ilianza 1997, makampuni ya usafiri yalianza kwa kuungana 1994 yakaunda kampuni moja ya kushughulikia malipo. Waliketi kwanza wakakubaliana pesa itagawanywa vipi. Sasa tazama Nairobi. BebaPay ya Google na Equity Bank ilitoka 2013, kadi nzuri, mashine nzuri, na 2014 serikali ikaagiza matatu zote ziache pesa taslimu. Mwaka 2015 BebaPay ilifungwa. Makanga wa Nairobi na yule kijana wetu aliyeegemea kiti wanaishi kwa hesabu ile ile ya jioni.

Kitu kingine ambacho mashine haikijui ni mzigo. Mama anapanda Ndosho na gunia la makala na mtoto mgongoni. Nauli yake inapangwa palepale kwa maneno: gunia kiasi gani, mtoto atapakatwa au atakaa. Kuna siku anasema "nina 300, nikiuza nitakupa iliyobaki ukirudi", na dereva anamjua, anamchukua. Nimeliona mara nyingi mno kuliita jambo dogo. Kadi isiyo na pesa inalia mlio wake wa kukataa, na mama anabaki barabarani. Yeyote atakayepanga jambo hili Goma aje kwanza asimame Ndosho saa kumi na mbili asubuhi ahesabu magunia.

Faida moja ya kadi ambayo hamjaitaja, nayo ni kubwa: inaacha hesabu. Kuanzia 2020 hadi Machi 2024 serikali ya Rwanda ililipa sehemu ya nauli za abiria, ili nauli isipande. Hapa leo mtu akitaka kuwasaidia wanafunzi wa Goma nusu nauli, atamlipa nani, kwa idadi gani? Ataambiwa namba yoyote. Kwa gari lenye mashine angeona vichwa, saa na njia.

Ndiyo maana nikiulizwa tungeanzia wapi, ningeanza na watu ambao nauli yao tayari inalipwa kwa mwezi: mabasi ya shule na ya wafanyakazi. Hapo hakuna versement, dereva ana mshahara, mzazi analipa mara moja, na mtoto hazunguki na noti za plasta. Wenye Hiace waone kwa macho, kisha waungane kumi au ishirini wa njia moja, kwa mkataba unaosema dereva anapata asilimia ngapi ya kila abiria na anaipata jioni ile ile, si mwisho wa mwezi. Hilo la jioni ile ile ningelipigania. Yule kijana aliniuliza swali la haki.

Sasa ndugu wa Himbi, umesema unavuka wiki ijayo kwenda Kigali. Kadi ni ya mabasi ya mjini, kwa hiyo ukifika Nyabugogo inunue hapohapo kwa wakala mwenye sare, usinunue kwa mtu anayekufuata. Weka pesa za siku mbili tatu tu. Wakati wangu ukiisogeza mara mbili ilikata mara mbili, na ndivyo ulivyomlipia mwenzako, kwa hiyo ukisikia imelia ondoa mkono. Isiwe mfuko mmoja na funguo. Na kabla hujapanda basi la kwanza, uliza jinsi ya kuiunganisha na namba ya simu yako, kisha ipige picha upande wenye namba. Mimi niliweka 10,000 za Rwanda mwanzoni mwa muhula, sikuandikisha simu wala sikupiga picha, nikaiangusha kwenye msongamano wa jioni palepale Nyabugogo. Kadi isiyo na jina ni kama noti, aliyeiokota ndiye mwenyewe. Nilitembea kwa miguu mpaka Kimironko usiku ule.