Mwanangu, usirudi Mbagala

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleykum. Ujumbe wako nimeusoma jana baada ya sala ya isha. Umeniuliza: "Mama, kila mtu ananipongeza kwa kuhamia fleti ya Upanga, lakini mimi nikifunga mlango nasikia kimya tu. Raha yake iko wapi? Au nirudi Mbagala?" Nimeona kwenye simu tutakatizana, bora nikuandikie.

Usirudi. Kimya hicho kinakutisha kwa sababu ni kigeni kwako, lakini ndani yake mna mambo uliyokuwa ukiyaomba miaka yote.

Tazama muda kwanza. Zamu ya asubuhi ikikukuta Mbagala, ulikuwa unatoka kabla ya adhana ya alfajiri, na jioni foleni ya barabara ya Kilwa inamaliza nguvu ulizobaki nazo. Sasa hospitali ya Muhimbili, kazini kwako, unakwenda kwa miguu. Saa ulizokuwa unazimaliza umesimama ndani ya daladala zimerudi kwako na hujajua uzifanyie nini. Lala, mwanangu. Juzi uliponipigia nilisikia sauti ya mtu aliyelala usingizi wa kutosha, na nilimshukuru Mungu kabla hujasema neno.

Halafu LUKU, huo umeme wa kulipia kabla. Nazikumbuka kesi zenu za Mbagala: mita moja kwa nyumba nzima, umeme ukiisha watu wanaulizana nani ana friji, nani anapiga pasi usiku. Mnachanga, mmoja hayupo, mwengine hana, mnalala giza. Leo unaingiza tarakimu zako 20 mwenyewe, na uniti zikiisha unajua umezitumia wewe. Na bafu. Kurudi zamu ya usiku ukaoga bila kupanga foleni na ndoo, bila kujifunga kanga mbili kukatiza uwani mbele ya wanaume wa watu, ni heshima ambayo mwanamke anayefanya kazi kama yako anaistahiki. Usione haya kuifurahia.

Najua unachokikosa ni watu. Hapo nakuelewa, maana niliyaona kwa bibi yako. Nyumba yao ya udongo ya Ng'ambo, hapa Unguja mjini, ilivunjwa miaka ya 1970 kupisha haya maghorofa marefu ya Michenzani, yaliyochorwa na Wajerumani wa Mashariki. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka alivyokuwa akilia. Alizoea uwani, kuku, mpapai, jirani wa kuazimana naye chumvi. Huku juu akawa anatwanga mchele wake kama zamani, na kishindo cha kinu kinashuka moja kwa moja kichwani kwa jirani wa chini. Yule mama akapanda, amekasirika. Bibi yako hakugombana naye. Alimkaribisha ndani, akamuuliza watoto wake wanalala saa ngapi. Kuanzia hapo alikunja gunia mara nne, akaliweka chini ya kinu, akatwanga wakati ambao hakuna aliyelala. Unga ule ukawa vitumbua, na nikatumwa mimi kuteremsha sahani. Ilirudi na ndizi mbivu, kwani sahani ya jirani hairudi tupu.

Matunda yake uliyala wewe. Unguja yote ilipokosa umeme, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, pampu zilisimama, maji hayapandi, na mimi nina mimba ya mdogo wako. Ulikuwa skuli bado. Unakumbuka vijana waliokuwa wakitupandishia madumu? Ni wajukuu wa yule mama wa kinu.

Uwani ujirani unakuja wenyewe, utake usitake: kamba ya kuanikia ni moja, mnagombana asubuhi na jioni mmepatana. Ghorofani lazima mtu auanze, na mimi nauthamini zaidi huu wa kuuanza, kwa sababu kila anayeingia kwako umemfungulia wewe.

Basi anza na yule bibi wa Kihindi wa chini uliyeniambia anakuitikia kwa kichwa tu. Ghorofa nyingi za Upanga zilitaifishwa mwaka 1971, zikawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 zikaingia Shirika la Nyumba. Mtu wa umri wake huenda amewaona wapangaji wengi wakija na kuondoka, na hajui bado kama wewe ni wa kukaa. Mpelekee kitu cha mkono wako. Yeye ndiye atakayekwambia siku gani maji yanasumbua, na fundi bomba gani hakuibii.

Wala usikimbilie kununua vitu. Umelipa kodi ya miezi sita, na dalali naye amechukua ya mwezi mmoja, fedha zipumzike. Chumba kitupu hakikudai kitu. Wakati huu wa kaskazi fungua dirisha la upande wa bahari na la jikoni kwa pamoja, upepo upite nyumba nzima. Mbagala ukuta wa jirani ulikuzibia, ukalala na feni usiku kucha. Kusi ikianza upepo utaingilia kwengine, na hapo ndipo utajua kitanda kikae wapi na jua la mchana linapiga ukuta gani. Kabati kubwa lisubiri mpaka ujue hayo.

Kuna jambo moja fleti haitakupa, nami sitakuficha. Wale watoto waliokuwa wakikukimbilia getini ukirudi kazini, wakakupokea mfuko, hutawapata Upanga. Hilo pengo sina dawa yake. Nenda siku za mapumziko ukawaone, uwapelekee biskuti, na ukimaliza rudi kwako.

Nimesema kwako, maana ni kwako. Kodi umeilipa kwa jasho lako, funguo ziko kwenye mkoba wako, na hakuna wa kukuuliza kwa nini taa inawaka saa nane za usiku unaposoma kwa ajili ya mtihani wako.

Baba yako anakusalimu, anasema uangalie mpira wa mtungi wa gesi kama haujapasuka, na usiulaze mtungi. Mimi nitavuka na boti ya asubuhi Ramadhani ikikaribia, tufunge wote siku za mwanzo. Kabla ya hapo nipimie dirisha la chumba kikubwa, upana, na urefu kutoka kwenye fimbo ya pazia mpaka sakafuni. Kitambaa ninacho, nataka nije na pazia limeshashonwa.

Mama yako