Yule dada wa uso mkavu kwenye The Harvey Girls

Kwenye filamu ya The Harvey Girls, yule dada anayeimba huku akimpigilia farasi kiatu, mwigizaji Ray Bolger akiwa pembeni anatetemeka, ni Virginia O'Brien. Kuna mdau alisema ni Margaret O'Brien, mwigizaji mwingine; si yeye. Margaret alikuwa bado mtoto filamu ilipotoka 1946. Studio ya filamu ya MGM walimtumia Virginia kwa mtindo huohuo mmoja: macho hayapepesi, mwili umekakamaa kama mlingoti, sauti tamu inatoka kana kwamba si yake.

Na hakuubuni makusudi. Alikuwa jukwaani Los Angeles, kwenye onyesho la Meet the People, hofu ikamgandisha. Watu wakadhani ni kichekesho, wakavunjika mbavu. Baada ya hapo akaingia MGM.

Ila usishangae ukiona anapotea nusu ya pili ya filamu. Alikuwa mjamzito, kwa hiyo sehemu yake ikapungua. Ukitaka kumwona vizuri zaidi, tafuta The Big Store ya 1941, ile ya wachekeshaji Marx Brothers. Anaimba wimbo wa kubembelezea mtoto, anaanza taratibu kabisa, halafu ghafla unageuka swing, yaani jazz ya kuchezea dansi. Uso uleule. Mimi hapo huwa nacheka kila mara.