Plagi imeingia, mbona haiandiki?

SWALI: Shikamoo mama fundi. Marehemu baba aliacha kompyuta ya zamani, yenye chipu ya 286, aliyokuwa akiandikia barua za chama cha ushirika. Nataka kutoa faili zake kabla diski haijakata roho. Waya wa kibodi yake umetafunwa na panya, nikapata nyingine kwenye stoo ya shule, ya zamani vilevile, yenye plagi nene ya duara na pini tano. Imeingia bila kulazimisha. Nikiwasha, kompyuta inalia, inasema kibodi ina hitilafu, halafu inaniagiza nibonyeze F1! Je, bodi kuu ya kompyuta ndiyo imekufa? Au nichomeke tu kibodi ya USB?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kufiwa. Hiyo F1 imenichekesha tangu ujana wangu: mashine inalalamika kwamba haina kibodi, kisha inataka uibonyezee kibodi.

Bodi usiisingizie bado. Nadhani umechomeka kibodi ya XT, yaani ya kompyuta za IBM za mwanzo, kwenye kompyuta ya AT, kizazi kilichofuata, ambacho 286 yako ni ya jamii yake. IBM ilipotoa AT mwaka 1984 iliacha plagi ileile ya pini tano iliyokuwa kwenye PC ya 1981, ila ikabadilisha mazungumzo yanayopita ndani ya waya. Kibodi ya XT ni msemaji tu, haisikilizi. Ya AT inasema na kusikiliza: kompyuta ikiwaka huiamuru ijipime, kisha husubiri jibu. Yako haikujibu, ndiyo maana ya kile kilio.

Hata namba zinazotumwa kwa kila kitufe haziafikiani. Ukibonyeza herufi A, kibodi ya AT hutuma 28. Kwa XT, 28 ni Enter! Ukiachia kitufe, XT hurudia namba ileile ikiwa imeongezwa 128. AT hutanguliza 240 ndipo irudie namba. Ndani ya 286 yako mna chipu inayozigeuza namba mpya kuwa zile za zamani ili programu za DOS, mfumo endeshi wa enzi zile, zisishtuke, lakini chipu hiyo inategemea kibodi ya AT. Haikutengenezwa kwa ajili ya mgeni wako.

Sasa zima kompyuta, uipindue hiyo kibodi. Tafuta swichi ndogo yenye X upande mmoja na A upande wa pili. Kibodi nyingi za miaka ile zisizo za IBM zilikuwa nayo. Mara nyingine imejificha chini ya kibandiko, au vumbi limeijaza. Isukume kwenye A, chomeka, ndipo uwashe. Mimi nilishawahi kutupa kibodi nzima, nzito, vitufe vyake vitamu kabisa, nikiapa kwamba imeungua. Mwenzangu akaiokota jalalani, akasukuma swichi kwa ncha ya kalamu, akaitumia miaka sita mbele ya macho yangu.

Kama swichi haipo, usihangaike nayo. Tafuta kibodi ya PS/2, ile ya plagi nyembamba ya pini sita, mara nyingi ya zambarau. IBM ilileta plagi hiyo mwaka 1987, lakini lugha ni ya AT. Kwa hiyo kinachotakiwa ni adapta ya kubadilisha umbo la plagi tu: tundu dogo upande mmoja, pini tano nene upande wa pili. Haina chipu ndani, ni nyaya tupu, isikugharimu fedha nyingi. Ila adapta hiyohiyo haitaisaidia kibodi ya XT. Hiyo inahitaji kifaa chenye chipu ya kutafsiri.

USB? Kile kiplagi cha kugeuza USB kuwa PS/2 nacho ni nyaya tupu. Kinafanya kazi pale tu kibodi yenyewe inapojua lugha zote mbili, na nyingi za siku hizi hazijui.

Na kwa kuwa uko Tanga, mji wa taarabu, nikuonye: waya wa MIDI, ule wa kuunganishia vinanda vya umeme, una plagi ya pini tano zinazofanana na hizi. Kijana mmoja aliniletea akitaka kuurefushia kibodi. Uliingia vizuri sana. Lakini waya wa MIDI kwa kawaida huunganisha pini tatu tu, na pini namba 1, inayobeba mapigo ya saa ya kibodi, huachwa wazi.

Usichomeke wala kuchomoa kibodi kompyuta ikiwa imewaka. Bodi nyingine zina fyuzi ndogo kwenye umeme wa kibodi, imeshikwa kwa lehemu. Ikikatika, hata kibodi nzima itaonekana mbovu, na hapo ndipo utakuja kwangu na sanduku lote mkononi.

Ile ya stoo usiitupe. Kama haina swichi na haina taa za Caps Lock na Num Lock, niandikie. Nina XT hapa mezani ambayo haijaandika herufi muda mrefu.