Uliza Ujibiwe: Sweden nani mkubwa, Malmö au Göteborg?

SWALI: Kaka mhariri wa michezo, habari za kazi. Hapa kijiweni kwetu tumebishana wiki nzima. Shemeji yangu anaishi Göteborg, kila akipiga simu anasema klabu kubwa Sweden ni IFK Göteborg basi. Mimi nikaingia mtandaoni nikakuta Malmö wana ubingwa 24, nikafungua sehemu nyingine nikakuta 27. Sasa tushike ipi? Na kama hizi timu zilikuwa kubwa hivyo, mbona siku hizi Ulaya hazisikiki?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu yangu, 24 ni sahihi na 27 nayo ni sahihi, ngoja nikueleze taratibu manake hapa wanachanganyikiwa wengi.

Ligi kuu ya Sweden inaitwa Allsvenskan, ilianza 1924. Kabla ya hapo, tangu 1896, bingwa wa nchi alikuwa anapatikana kwa mtoano, na hata ligi ilipoanza, miaka ile ya mwanzo anayemaliza juu alikuwa amebeba ligi tu, cheo cha bingwa wa Sweden hapewi. Hilo lilikuja kurekebishwa msimu wa 1930/31. Alafu 1982 wakabadilisha tena, timu zinacheza ligi mpaka mwisho, zile za juu zinaingia mtoano, na anayeshinda fainali ndo bingwa. Ikaenda hivyo mpaka 1990.

Sasa hapo ndo Malmö walipoumia. Chini ya kocha Mwingereza Roy Hodgson walimaliza kileleni miaka mitano mfululizo, 1985 mpaka 1989, mitano kaka, na ubingwa wakaupata mara mbili tu, 1986 na 1988. 1985 ukaenda Örgryte, 1987 ukaenda kwa hao hao IFK Göteborg wa shemeji yako, 1989 Norrköping. Hizo tatu ndo tofauti ya 24 na 27: ligi wameongoza mara 27, ubingwa wa nchi wamechukua mara 24, hiyo ni mpaka mwisho wa msimu wa 2025. Mimi inaniuma kwa niaba yao, manake timu imekimbia msimu mzima imewaacha wote alafu mechi mbili za mwisho zinafuta kila kitu. Ila sheria ilikuwa hiyo na kila mtu aliijua kabla ya kuanza.

Na hao Örgryte usiwapite haraka. Ni klabu ya mji wa Göteborg pia, ubingwa 11 waliuchukua kabla hata ya vita vya kwanza vya dunia, wa mwisho 1913, wakakaa miaka 72 bila ubingwa wa nchi mpaka huo mtoano wa 1985 ulipowapa wa 12. Kuna wazee walizaliwa wakakua wakazeeka wakisubiri siku ile moja, ndo maana huwa siwezi kuusema vibaya sana ule mfumo.

Kwa hesabu ya makombe ya nyumbani basi Malmö hawana mpinzani. IFK Göteborg wanafuata na 18, Norrköping 13 (mara nne miaka ya 40 walipokuwa na mfungaji Gunnar Nordahl kabla hajaenda Milan), kisha AIK, Djurgården na Örgryte kila mmoja 12. Kila ubingwa kumi timu inaweka nyota moja kwenye jezi, kwa hiyo ukiona nyota mbili juu ya nembo ujue hao ni Malmö.

Lakini shemeji yako naye hajakosea, na hapa niseme ukweli wangu, moyo wangu uko upande wake. Mei 1982 IFK Göteborg waliingia fainali ya Kombe la UEFA (siku hizi Europa League) na Hamburg ya Ujerumani, timu ambayo msimu ule ule ilibeba Bundesliga na mwaka uliofuata ikabeba Kombe la Ulaya lenyewe, la klabu bingwa, ambalo siku hizi ni Ligi ya Mabingwa. Göteborg wachezaji wao wengi walikuwa na kazi zao za kawaida za kila siku, mpira ni baada ya kazi, na kocha alikuwa kijana wa miaka 34 anaitwa Sven-Göran Eriksson ambaye nje ya Sweden bado hakuna aliyekuwa anamjua. Mechi ya kwanza nyumbani wakashinda 1-0, goli la Tord Holmgren dakika za mwisho kabisa. Wajerumani wakaona goli moja si kitu, watamaliza kwao. Walijiamini mpaka kule Hamburg kabla ya mechi zilikuwa zinauzwa bendera zimeandikwa kabisa Hamburg bingwa wa Kombe la UEFA 1982, na beki wa Göteborg Glenn Hysén akajinunulia moja. Kipenga kikapulizwa, Corneliusson akafunga, Torbjörn Nilsson akafunga, Fredriksson akamalizia kwa penalti. 3-0 ugenini! Jumla 4-0. Na kampeni nzima hawakupoteza hata mechi moja. 1987 wakarudia, wakawafunga Dundee United ya Scotland, napo bila kupoteza mechi. Malmö, na makombe yao yote kabatini, la Ulaya hawana.

Walilikaribia lakini. 1979 Malmö walifika fainali ya Kombe la Ulaya, kikosi chote Waswidi, wakakutana na Nottingham Forest mjini Munich. Kipindi cha kwanza kinaelekea kuisha, John Robertson akapita kushoto akamimina krosi ndefu mpaka nguzo ya mbali, Trevor Francis akaja mbio akaitia kwa kichwa. 1-0, ikaisha hivyo.

Kwa nini siku hizi hawasikiki? Hela, kaka. Baada ya kesi ya Bosman 1995, ile iliyomruhusu mchezaji aliyemaliza mkataba kuhama bure, milango ikafunguka, kijana akionyesha kitu tu anaondoka. Zlatan Ibrahimović alitoka Malmö kwenda Ajax 2001, Alexander Isak aliondoka AIK kwenda Dortmund ana miaka 17. Alafu kule Sweden wanachama lazima washike zaidi ya nusu ya kura za klabu yao, tajiri hawezi kuja kununua timu akafanya anavyotaka, jambo ambalo sisi tuliofuatilia ile 51 kwa 49 ya Simba, wanachama 51 na mwekezaji 49, tunalielewa vizuri. Mashabiki wa Sweden wanalipenda hilo na mimi nawaunga mkono, japo linawanyima vifua vya kushindana na Waingereza. Ila wasikatiwe tamaa, Djurgården 2025 walifika nusu fainali ya Conference League, kombe la tatu la klabu za Ulaya, Chelsea ndo wakawatoa. Na mwaka huo huo bingwa wa Sweden hakuwa Malmö wala Göteborg wala mtu wa Stockholm, alikuwa Mjällby, timu ya kijijini kando ya bahari yenye wavuvi, ubingwa wake wa kwanza kabisa, kwa pointi 75 ambazo hakuna aliyewahi kufikisha kwenye ligi ile.

SWALI: Mhariri, sisi Wakenya tumewahi kuwa na mtu kwenye hizo timu kubwa za Sweden au ni zile ndogo ndogo tu?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Mmewahi, tena vizuri. Michael Olunga alitoka Gor Mahia akaenda Djurgården 2016, akafunga mabao 12 ya ligi msimu huo huo mmoja, kisha China wakamchukua. Eric Ouma, yule beki wa kushoto mnayemwita Marcelo, ameichezea AIK. Joseph Okumu alikuwa Elfsborg, McDonald Mariga alipita Helsingborg kabla ya Italia. Na Watanzania msinune, Thomas Ulimwengu naye alisajiliwa 2017 na AFC Eskilstuna iliyokuwa Allsvenskan.