Maswali ya Wazazi: Kumwandaa Mtoto kwa Mashindano ya Ngoma

SWALI

Mwalimu, pokea salamu kutoka Kaloleni. Binti yangu ana umri wa miaka 12 na yuko Gredi ya 6. Kikundi cha gonda (ngoma ya Wamijikenda) cha shule yao kimeshinda katika eneo la Pwani, na mwezi wa Agosti watakwenda Nyeri kwa fainali za taifa za Tamasha la Muziki la Kenya. Watalala huko siku kadhaa katika mabweni, na mimi sitakuwapo. Hajawahi kusafiri mbali bila mzazi. Shule imetupa orodha fupi ya nguo, blanketi, mswaki na pesa za matumizi, lakini mavazi ya ngoma tumeambiwa tuyaandae wenyewe. Nianzie wapi, na nimfungashie nini?

Mama wa mchezaji, Kaloleni

JIBU

Mama mwenzangu, hongera kwako na kwa binti. Tamasha hili limekuwapo tangu mwaka 1927, na kikundi kinachofika taifa huwa kimepita kanda, kaunti ndogo, kaunti na eneo, ambako vikundi vingi vizuri hubaki. Kazi iliyobaki kwako ni kuhakikisha kwamba jasho lote hilo halipotei kwa sababu ya uzi uliokatika au usiku mmoja wa baridi.

Anza na mavazi ya ngoma, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo huwezi kumpelekea pesa akayanunue Nyeri. Sweta iliyosahaulika itapatikana sokoni huko, hando, yaani lile vazi la marinda la kiunoni, halitapatikana. Litoe sasa hivi, ulitandaze mchana penye mwanga, ukague kila rinda na hasa ukanda wa kiunoni, kwa maana uzito wote wa kitambaa huning'inia hapo na gonda huchezwa kwa kiuno. Palipolegea pashonwe upya kwa uzi mnene. Likihitaji kufuliwa, lifuliwe mapema likauke kabisa, kwa sababu kitambaa kingi kilichofungashwa na unyevu hutoa harufu ya uvundo kabla basi halijafika Voi. Wakati wa kulifungasha usilikunje makunjo manne kama shuka. Yapange marinda yaelekee upande mmoja, ulivingirishe kwa kuyafuata, kisha ulifunge kwa utepe wa kitambaa na kulitia katika mfuko wake peke yake. Likifunguliwa baada ya safari ya zaidi ya kilomita 600 litaanguka vizuri kiunoni bila kuhitaji pasi, na pasi katika mabweni ya ugenini ni jambo la kugombaniwa.

Shanga ziwekwe katika kopo lenye kifuniko, pamoja na sindano, uzi na pini kubwa chache. Kama binti huvaa njuga, kagua kamba zake, kisha uzifunge katika kitambaa kikuukuu ili zisikwaruze vitu vingine. Ongeza vipande viwili vya kitambaa laini vya kuzungushia vifundo vya miguu chini ya njuga, kwa kuwa ngozi iliyochubuka siku ya mazoezi humfanya mtoto akanyage kwa woga siku ya mashindano. Makayamba na ngoma zenyewe ni mzigo wa shule, lakini si vibaya kumkumbusha mwalimu kwamba kayamba lililolaliwa na masanduku hupasuka mabua.

Baada ya hapo fanya jambo ambalo wazazi wengi huliruka, nami nalithamini kuliko orodha yoyote: mwache binti avae mavazi yote peke yake, tangu hando hadi ushanga wa mwisho, wewe ukiwa umeketi bila kumsaidia. Nyuma ya jukwaa kutakuwa na watoto wengi na mwalimu mmoja au wawili, na jina la shule likiitwa hakuna wa kumfungia kila mmoja kiuno. Fundo asiloweza kulifunga mwenyewe libadilishwe sasa. Ukiona anahangaika, rudieni jioni nyingine, kisha mwambie arukeruke na kucheza wimbo mzima akiwa amevaa. Kitakachodondoka ukumbini mwenu kingedondoka mbele ya waamuzi, ambao hutazama mavazi pamoja na nyimbo, mpangilio na miondoko.

Sasa baridi. Mtoto wa Kaloleni hajui Nyeri ya mwezi wa Agosti. Mji huo uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,750 kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, na usiku joto hukaribia nyuzi 10. Blanketi jepesi la nyumbani halitoshi. Mpe blanketi zito, sweta mbili, suruali ya kulalia, soksi nene na kofia ya kufunika masikio. Wachezaji hupanda jukwaani bila viatu, na sakafu ya saruji asubuhi huumiza nyayo. Kwa hiyo avae soksi na ndara hadi dakika ya mwisho, na leso mbili za kujifunika mabega juu ya mavazi ya ngoma zisikosekane. Misuli iliyopoa haichezi vyema. Mafuta ya kujipaka yawe mengi kidogo kuliko kawaida, kwa sababu hewa ya huko hukausha ngozi na kupasua midomo.

Chakula cha njiani kisiwe na nazi. Najua wali wa nazi na mahamri ya tui ndivyo vitamu, lakini wali huo huchacha upesi ndani ya basi lenye joto, na mtoto aliyeharisha hana nguvu za kucheza. Mahamri makavu yasiyotiwa tui, ndizi, njugu za kukaanga na maji vinatosha. Mwonye asijaribu vyakula vigeni kabla ya kushindana; akimaliza, ajaribu apendavyo.

Katika umri wa miaka 12 hedhi inaweza kuanza wakati wowote, na safari haichagui siku. Hata kama bado hajaanza, mpe pakiti ya sodo na chupi za ziada katika mfuko mdogo usioonyesha, umweleze namna ya kuzitumia, na mkubaliane ni mwalimu yupi wa kike atakayemwendea. Dawa yoyote anayotumia mkabidhi mwalimu mkononi pamoja na maelezo yaliyoandikwa. Pesa ziwe za noti ndogo, nusu kwa mwalimu. Kila kitu kishonwe jina kwa uzi, maana wino hufutika na masweta ya shule hufanana.

Kuhusu kulala mbali nawe, wiki hii mpeleke akalale kwa shangazi au bibi bila wewe, akiwa na begi lile lile alilolipanga kwa mikono yake. Begi liwe moja, la uzito anaoweza kuubeba mwenyewe. Mkubaliane pia saa ya kupiga simu kwa kupitia mwalimu, na uwe mkali juu ya saa hiyo upande wako, kwa sababu mtoto aliyeahidiwa simu ya jioni husubiri.

SWALI

Mwanangu wa kiume yumo katika kikundi cha sengenya (ngoma ya Wadigo) kinachokwenda mashindano ya kaunti. Nimefikiria kumshonea vazi jipya la kitambaa cha kung'aa ili aonekane kuliko wenzake. Je, litamsaidia?

Baba, Lungalunga

JIBU

Halitamsaidia, ndugu yangu, na linaweza kuwaumiza wote. Kikundi huhukumiwa kama mwili mmoja, na waamuzi wa ngoma za asili hutafuta vazi linaloaminika kuwa la jamii yenye ngoma hiyo. Kitambaa cha kung'aa juu ya mtoto mmoja huvuta jicho litoke kwenye miondoko, na huenda kikaandikwa katika maoni yao kuwa kasoro ya shule nzima. Muulize mwalimu vazi lililokubaliwa ni lipi, ulishone kwa kipimo sahihi, ukimwachia mtoto nafasi ya kuinua mabega na kupiga hatua pana. Pesa zitakazobaki zinunue kitambaa cha aina ile ile kwa ajili ya mwenzake ambaye mzazi wake hakujaliwa, nacho kifikishwe kwa mwalimu kimyakimya kabla ya mazoezi ya mwisho ya mavazi.