Maswali yenu: Printa ya 3D tunayo, wataalamu hawaigusi

Swali: Habari za kazi dada. Nasimamia kitengo cha utengemao, tuko saba, watu wa fiziotherapia na wa tiba kazi, wale wanaomsaidia mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku. Tulipata printa ya 3D, ile mashine inayochapa vitu vya plastiki kutoka mchoro wa kompyuta, tukafurahi sana, akaja fundi akatufundisha siku mbili nzima kuchora kwenye kompyuta, mara joto la nozo, ule mdomo unaotoa plastiki, mara sijui ujazo wa ndani, wote tukajaza madaftari. Sasa ni mwezi wa nne mashine imefunikwa kitambaa na hakuna hata kifaa saidizi kimoja kilichomfikia mgonjwa. Tuwarudishe darasani au hii kitu ni ya mainjinia tu?

Jibu: Pole sana ndugu yangu, na usiwarudishe darasani kwanza. Watu wako hawana shida, shida ni pale walipoanzishiwa. Mtu anashinda na mgonjwa wa kiharusi kila siku, anajua vidole vipi havifungi na mkono unachoka saa ngapi, halafu unamkalisha siku mbili anachora mchemraba, huo mchemraba ataupeleka wapi? Ningekuwa mimi ningeanza na mgonjwa. Asubuhi ya kwanza aingie mtu mwenye baridi yabisi aseme mwenyewe kinachomshinda, tuseme kuzungusha ufunguo mlangoni, basi darasa limeshaanza.

Halafu wasichore kitu kuanzia sifuri jamani. Miundo ya kugeuzia funguo, kushikia kalamu, kufungulia chupa, ipo tayari na inapakuliwa bure, Makers Making Change, mpango unaoweka miundo ya vifaa saidizi mtandaoni, wameweka mingi tu na maelekezo yake. Kazi ya mtaalamu ni kuchagua na kurekebisha, kupanua tundu hapa, kunenepesha mpini pale, na kwa hilo programu ya kuchorea ya Tinkercad inatosha kabisa, ni ya bure na inafunguka kwenye brauza.

Kwenye vipimo ndo muwatumie muda mwingi. Mpe mgonjwa donge la udongo laini ule wa kuchezea watoto, alizungushie kwenye ufunguo, akamate vile anavyoweza yeye sio vile vitabu vinavyosema, aachie. Utaona vidole vimebonyea wapi na kidole gumba kimeegemea upande gani. Pima pale kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, andika milimita, hizo namba ndo zinaingia kwenye muundo. Mkimuona mwenzenu aliyekuwa anaogopa kompyuta anabadilisha 12 kuwa 28 kwa sababu ameiona ile alama ya kidole kwenye udongo, mtaelewa ninachosema.

Na wakumbusheni kwamba nusu ya kazi hii wanaijua tayari, si ndo wao wanaolainisha plastiki ya splinti, lile gango la kushikilia mkono, kwenye maji ya moto wakaifinyanga kwenye mkono wa mtu na kuangalia mfupa gani utabanwa? Fundi aliyekuja hana jicho hilo.

Kingine, siku mbili mfululizo hazifai kwa kitu hiki. Kifaa kidogo tu kinaweza kukaa kwenye mashine masaa kadhaa, kikitoka kimebana au kimelegea inabidi urekebishe uchape tena, na hapo kwenye kuchapa tena ndo watu wanajifunza. Fanyeni masaa mawili kila wiki, wiki hii kupima, ijayo mgonjwa anajaribu, inayofuata marekebisho. Wawili wenye hamu na mashine wawe walezi wake, wasafishe nozo na kusawazisha bedi, ile sahani kifaa kinapochapiwa, wengine wasilazimishwe huko.

Swali: Mimi ni mtaalamu wa tiba kazi, nimechapa mpini mnene wa kijiko kwa PLA, ile plastiki ya kawaida ya printa hizi, wa kwanza umevunjika shingoni siku ya pili, wa pili umepinda baada ya kuoshwa kwa maji ya moto. Mgonjwa amevunjika moyo na mimi pia. Nakosea wapi?

Jibu: Usivunjike moyo mwenzangu, hayo yote yana dawa. Printa inajenga tabaka juu ya tabaka, na kifaa kinapasuka kati ya tabaka kama kuni inavyopasuka kufuata nyuzi zake. Bila shaka uliuchapa ukiwa umesimama, ulaze, na ongeza kuta za nje ziwe nne badala ya kukimbilia kujaza ndani. Kuhusu maji, PLA inaanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hivi za Selsiasi, tumia PETG, plastiki nyingine ambayo inavumilia mpaka karibu 80.

Halafu usichape sehemu inayoingia mdomoni, ile mifereji midogo kati ya tabaka inashika uchafu na haisafishiki vizuri. Acha kijiko cha chuma, chapa mpini peke yake, piga msasa kingo zote. Akishautumia kama dakika 20 angalia ngozi, hasa mtu ambaye mkono umekufa ganzi, maana huyo hatakuambia panauma hata pakiwa pamechubuka.

Swali: Kwa nini mafunzo mengi hayaanzi na mikono bandia wakati ndo inayosaidia zaidi?

Jibu: Naelewa hamu hiyo, kazi ya watu wa kujitolea wa e-NABLE, mtandao wa wanaochapa mikono bandia, tangu 2013 imegusa wengi na mimi naiheshimu sana. Ila mkono ule una viungo vingi, una nyuzi za kuvuta, na mingi inafunga vidole kwa mtu kukunja kifundo cha mkono, kwa hiyo lazima kifundo kiwepo na kiwe na nguvu. Anayejifunza bado hajajua kwa nini mpini umevunjika, atamwekea mtoto mkono? Aanze na vidogo. Na mgonjwa asiye na kifundo ila kiwiko chake kinakunjika vizuri, kuna miundo inayovutwa na kiwiko, hiyo ndo mtakayoitafuta mkifika huko.